Jiwe Asilolibeba Yeye

Tangu ziwa lianze kupanda, mjane mmoja wa Bangwe, kando ya ziwa hilo, kila alfajiri husali rozari huku jiwe liko kichwani, kisha hulipanga mlangoni kwenye ukuta wa kuzuia maji. Jirani yake Merina humcheka: “Bibi, kwani Mungu hawezi kukujengea?” Naye humkata kauli: “Anaweza. Lakini mikono hii kanipa ya kulia ugali tu?”

Asubuhi moja akakuta ukutani jiwe asilolibeba yeye, kubwa, lenye utelezi wa chini ya ziwa, linachuruzika. Mchanga hauna nyayo. Akaligeukia ziwa, akasalimu kwa sauti: “Tumsifu Yesu Kristo!” Akangoja aliyelileta aitikie “Milele, amina.” Ziwa likanyamaza, hata wimbi halikugonga. Basi akalisukuma jiwe lile kwa bega mpaka maji yakalipokea bila mlio. Akajitia ngata kichwani, akaenda kutafuta lake.