Mikono Aliyoichagua Binti Yangu

Mtu akiniambia "Si gemu tu hiyo," hasira hunipanda. Nimeshaambiwa hivyo na dada yangu mkubwa anayekaa Sur, nimeambiwa na mama yangu kule Ibra, nimeambiwa na wenzangu wa ofisini hapa Nizwa, huku Uarabuni, wanawake wazima ambao wanaweza kumaliza wiki mbili wakichagua rangi ya pazia. Pazia lenyewe baada ya siku tatu hawalitazami tena. Lakini wao ni watu wa maana, mie ndiye mpuuzi.

Basi ndiyo, nacheza gemu. Nina miaka arubaini na mbili, nina binti wa miaka kumi na mbili, na kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana tunakaa chini kwenye zulia, kila mtu na padi yake mkononi. Tunazozipenda ni zile gemu ambazo unaiona dunia kwa macho ya mtu wako. Yeye mwenyewe humuoni. Unachokiona mbele yako ni mikono yake tu, inafungua mlango, inashika taa, inapanda ngazi. Lakini kabla ya kuanza unapewa nafasi ya kumtengeneza mtu huyo kichwa mpaka miguu: rangi, pua, nywele, sauti, nguo. Na ukicheza kwenye mtandao, wenzako wanamuona mzima. Asiyemuona ni wewe tu.

Siku moja dada yangu alikuja kututembelea, akatukuta tumeshinda asubuhi nzima tunarekebisha pua. Alicheka mpaka akajifuta machozi. "Mnahangaika hivyo na pua ambayo hata hamtaiona?"

Nilimjibu, na jibu langu silibadilishi mpaka leo. Nilimwambia, na hii niliyozaliwa nayo naiona saa ngapi? Asubuhi kwenye kioo, dakika mbili, nikifunga mtandio. Siku nzima iliyobaki mnaiona nyinyi, na nyinyi ndio mnaoamua mie ni nani kabla sijafungua mdomo. Ninachokiona mie ni mikono yangu, ikiandika, ikikata vitunguu, ikishika usukani. Nikiingia mahali pageni nataka niione mikono hiyo hiyo, nijue aliyeingia ni mie. Dada akapandisha mabega, akaenda zake jikoni.

Binti yangu hakuhitaji kuelezwa. Sisi wawili ni weusi, tumemrithi bibi yangu mzaa baba, mtu wa Pemba. Dada yangu amechukua rangi ya mama, akaolewa na Mwarabu wa Sur, na watoto wake wawili wanaume wametoka weupe zaidi kuliko yeye. Kwetu hayo hayasemwi, lakini kila mtu anayajua. Binti yangu alipomtengeneza mtu wake, alijaribu rangi moja moja huku ameuweka mkono wake juu ya kioo cha televisheni, analinganisha. Ikipauka mno anairudisha. Ikizidi wekundu anairudisha. Gemu ile ina michoro ya kuchora kwenye ngozi, akachagua maua yanayofanana na ya piko, ile hina nyeusi, akayapanga kutoka vidoleni mpaka kwenye kiwiko, kama bibi harusi wa kwetu. Alipomaliza akaniambia, "Mama, huyu ni mie." Nilifurahi kuliko siku aliyoniletea cheti cha skuli.

Iddi Kubwa iliyopita tulikwenda Ibra kwa mama, kama desturi. Siku ya tatu, nyama ya shuwa ilikuwa imeshafukuliwa shimoni na imeshaliwa, watoto wakaingia chumba cha televisheni kucheza kwa zamu, binti yangu na wale wawili wa dada. Mie, dada na mama tulikaa nyuma yao tumeegemea mito, tunasubiri kahawa. Zamu ya binti yangu ilipofika nikanyanyua kichwa nimtazame. Mikono iliyotokea kwenye televisheni ilikuwa myeupe. Myeupe pepepe, na kucha za waridi.

Nilidhani amemchukua mtu wa binamu yake. "Huyo wa nani?" nikamuuliza.

"Wangu."

"Wako yule yuko wapi?"

"Nimemfuta," akasema, wala hakugeuka.

Nilimuuliza kwa nini. Aliyenijibu ni mdogo wa watoto wa dada, kwa Kiswahili chake cha kuokotaokota. "Khalti, watu wanacheka. Tukicheza na yeye kwenye mtandao, wanatuuliza kwa nini mmekuja na shaghala wenu. Wanamwambia lete chai." Na yeye akacheka, maana kwake ilikuwa kichekesho. Shaghala huku ni mtumishi wa nyumbani, na katika nyumba nyingi tunazozijua ni mwanamke mweusi kutoka Tanzania au Kenya.

"Na nyinyi mliwajibu nini?"

"Tuliwaambia hatumjui."

Hawamjui mtoto wa khalti yao, mama yao mdogo. Wamelala kitanda kimoja tangu wanatambaa. Nikamtazama dada yangu nione atasema nini, akasema, "Watoto hao, wanataniana." Mama naye akaitazama ile mikono kwenye televisheni, akatabasamu. "Kwani mtu akijitia weupe kidogo kuna ubaya gani? Si gemu. Mashaallah, imetakata."

Hapo nikasimama. Nilimwambia mama maneno niliyokuwa nayo tumboni tangu siku ya harusi yangu. Nilimwambia, wewe ulinisinga siku saba, ukanisugua kwa liwa na manjano mpaka ngozi ikawaka moto, na siku ya saba ukanigeuzageuza kwenye mwangaza ukasema, "Haya, basi, ndo mwisho wake." Kama chungu kilichokataa kutakata. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na nilikuwa nataka kusikia kwamba ni mzuri. Nikamwambia, umenifunza kukwepa jua tangu nina miaka sita. Jua la Ibra hili, nani aliyewahi kulikwepa?

Mama akaanza kusoma astaghfirullahi. Nikamgeukia dada. "Wanao wamemkana ndugu yao mbele ya watu, nawe unaniambia utani. Mzaha mzaha hutunga usaha."

"Punguza sauti," dada akasema. "Majirani."

"Waache wasikie. Mwanangu si shaghala. Mwanangu hafanani na shaghala, na atakayemlinganisha tena na shaghala…"

Sikuimaliza, kwa sababu mtumishi wa mama alikuwa amesimama mlangoni na sinia la kahawa.

Ni mwanamke wa Tanga, mwaka wa nne huu yupo na mama. Mama miguu ikimuuma, ndiye anayemwogesha. Ndiye binti yangu anayemkimbilia kwanza tukifika Ibra, kabla hata ya kumpa bibi yake shikamoo, kwa sababu katika nyumba nzima ile ndiye pekee anayezijua nywele zake na kuzisuka bila ya kumliza. Ukiwaweka pamoja, rangi yao ni moja.

Aliingia, akakaa chini, akamimina kwa zamu kama kawaida. Mama kwanza, halafu dada, halafu mie. "Kahawa, dada," akaniambia. Sikuweza kumtazama usoni. Nilipokea kikombe, nikautazama mkono wake tu. Akaondoka na sinia lake.

Maji yakimwagika hayazoleki, na mie badala ya kunyamaza nikaongeza. Nilimwambia binti yangu, kwa sauti ya chini sasa, "Mrudishe mtu wako. Leo hii, hapa hapa, na wao waone."

Akaiweka padi chini, akanigeukia kwa mara ya kwanza tangu tulipoanza. Hakuwa analia. "Kwa nini nimrudishe?"

"Kwa sababu yule ndiye wewe."

"Lakini umesema mie sifanani na shaghala," akasema. "Yule alifanana naye. Huyu ndiye asiyefanana."

Hakuna aliyecheka, hata wale wavulana.

Nikaenda jikoni. Mwanamke yule alikuwa anaosha vikombe. Nikamwambia samahani, akasema, "Hamna neno, dada." Nikamwambia neno lipo, tena kubwa. Akafunga bomba, akajifuta mikono, akaniuliza kama anifungie nyama ya kuondoka nayo Nizwa au nimeshafungiwa na mama. Nikasema anifungie. Akanifungia vizuri, tabaka mbili za karatasi, akanipa, akarudi kwenye vikombe vyake.

Njia nzima kutoka Ibra, mpaka tumeipita Samad, mie nilikuwa nimekasirika. Nilikuwa nimewakasirikia watu wasio na sura wanaoagiza chai kwenye mtandao, na dada, na mama na singo lake, na kila nilipowamaliza hao nilibaki na mie mwenyewe kwenye usukani. Hasira ile haijaondoka. Nimewahi kusikia watu wakisema wamejisamehe. Sijui wanafanyaje.

Mtu wake mweupe yupo mpaka leo. Nimesema na binti yangu mara tatu, mara ya tatu akaniomba nisimuulize tena, kwa adabu, kama mtu mzima. Na kibaya ni kwamba yeye hamuoni. Yeye anaona mikono tu. Anayemuona mzima ni mie, maana katika gemu natembea nyuma yake, na mtu wangu ni mweusi kama nilivyo. Naziona nywele zake zilizonyooka zikipanda na kushuka mgongoni, msichana nisiyemjua, na sauti ya mwanangu inatoka ndani yake.

Wiki iliyopita tuliungana na mchezaji mwengine, mvulana, kwa sauti yake. Tulikuwa watatu mbele ya mlango mkubwa. Akamuuliza binti yangu kwa Kiarabu, "Huyu nyuma yako ni nani?" Binti yangu alikuwa amekaa kwenye zulia, goti lake limegusana na langu. Nikangoja aseme ni mama yake. Mikono yake myeupe ikafungua mlango, akapita, nami nikamfuata.