Maombi ya Kufungua Jiko la Baa

Upuuzi wenyewe ulikuwa hivi. Mama alikuwa bafuni, simu yake iko mezani, nami nikaingia kwenye kundi la akina mama wa kanisa nikaandika kama yeye: "Bwana asifiwe wapendwa. Jumamosi saa nane mchana karibuni tumshukuru Mungu kwa jiko langu jipya." Nikaweka anwani. Sikusema kwamba jiko lenyewe liko ndani ya baa. Kisha nikalizima kundi lisilie, nikalificha, nikarudi kunywa chai yangu kama mtoto aliyelelewa vizuri.

Kanisani kwetu hapa London bia haitajwi hata kwa mzaha, na mama alikuwa amefanya kazi kwa mpika bia miaka mingi. Kanisani walijua anafanya kazi "hotelini." Si uongo kamili. Kwetu Nakuru mahali popote penye meza na chai ni hoteli. Ila kwetu hotelini hakuna mibomba mirefu ya shaba inayomwaga bia nyeusi.

Bosi wake ni Mwairishi mwenye ndevu nyekundu, mtu wa kuongea mpaka usahau ulichomfuatia. Alianza kupika bia kwa sufuria nyumbani kwake, mkewe akamfukuza jikoni kwa sababu ya harufu, akakodi pango la matofali chini ya reli, kusini mwa London. Treni ikipita, glasi zote zinatetemeka. Mama alifika pale kama msafishaji, baada ya zamu yake ya kutunza wazee. Akaosha matangi, akaona wanavyotupa machicha ya shayiri gunia kwa gunia, na moyo wake ukakataa. Mama hawezi kuona nafaka ikitupwa. Akaomba ndoo moja, akayakausha kwenye oveni yetu, akayasaga, akachanganya na unga, akapika chapati. Nyumba ilinuka kama zizi, lakini chapati zilikuwa tamu kuliko tulizozoea.

Kesho yake alimpelekea bosi mbili na maharagwe. Bosi alikula akiwa amesimama, bila kuongea, jambo ambalo wafanyakazi wake hawakuwahi kuliona. Akamwomba apike kila Ijumaa.

Bia ikakua, na mama akakua nayo. Matangi yakaongezeka. Pango likawa dogo, wakahamia ghala. Ikafunguliwa baa ya kwanza, hukohuko kusini, mtaa wa Tooting, mama akapewa jiko dogo kule nyuma. Kutoka Hayes tunakoishi, magharibi mwa jiji, hadi Tooting ni safari ya kuzeesha, lakini mama aliipenda kwa sababu hakuna mtu wa kanisa ambaye angemwona huko. Halafu bosi akaamua kufungua baa ya pili. Wapi? Hayes. Karibu na maghala na uwanja wa ndege, watu wanapotoka zamu na njaa. Vituo viwili vya basi kutoka kanisani kwetu.

Bosi alimwambia wazi. Jiko la Hayes litakuwa lake, apange chakula anavyotaka, aajiri anayemtaka, lakini siku ya ufunguzi ndiyo mtihani. Jiko likilemewa, ataleta pai za kugandishwa za kampuni fulani, na mama arudi kuosha matangi. Mama hakungoja mtihani. Aliacha zamu za wazee wiki hiyohiyo. Nilipomuuliza kuhusu kanisa, alisema jikoni hakuna dirisha, na mlango wa nyuma upo. Mama akishaamua jambo, hata malaika humsubiri amalize.

Basi ndiyo nikatuma ule ujumbe. Nilidhani watakuja wawili, wasome kibao nje, wakimbie, nami nicheke.

Jumamosi baa ilifurika. Wanaume wa maghala na vizibao vyao vya kung'aa, ndugu za bosi kutoka Ayalandi na fidla zao. Mimi nilikuwa naosha sahani. Nikachungulia ukumbini, nikaona mlango unafunguliwa na kanisa zima linaingia. Vitenge vya sare. Mwenyekiti wa akina mama mbele, mchungaji na Biblia kwapani. Fidla zikanyamaza. Bosi akadhani ni wateja wa harusi, akaanza kuunganisha meza.

Nilikimbia jikoni nikamwambia mama yote kwa pumzi moja. Mikono yake ilikuwa ndani ya unga. Aliniangalia kama mtu anayeangalia samaki asijue kama ameoza au la. Nikamwambia atoke kwa mlango wa nyuma, nitasema anaumwa. Akautazama ule mlango. Karatasi za oda zilikuwa zimejaa ukutani. Akajipangusa mikono, akatoka kwa mlango wa mbele, wa ukumbini, aproni kifuani ina picha ya glasi ya bia.

"Karibuni," akasema. "Hapa ni baa, na mimi ndiye mpishi."

Mwenyekiti akaitazama ile aproni. "Ulituambia hoteli, dada."

"Niliwaogopa. Leo sina nafasi ya kuogopa, nina oda."

"Na zile chapati unazotuletea kila Jumapili?"

"Machicha ya bia yake huyu," akasema, akimwonyesha bosi.

Mama mmoja akashika tumbo. Mimi nikashindwa kujizuia, nikasema ndiyo maana ibada imekuwa ikichangamka. Hakuna aliyecheka isipokuwa bosi, ambaye hajui Kiswahili hata neno moja. Mama akaeleza kwamba machicha hutolewa kabla ya hamira kutiwa, hayana pombe, ni nafaka iliyochemshwa tu, kama ya uji. Mwenyekiti akamwambia asimfundishe, nyanya yake alipika pombe ya busaa miaka yote. Hapo ndipo kicheko kilipotoka, na mwenyekiti alipogundua alichosema akageuka akaondoka, na karibu nusu ya vitenge vikamfuata.

Mchungaji alibaki. Akauliza jiko linaanzia wapi. Mama akamwonyesha kipande cha chuma sakafuni pale mlangoni. Mchungaji akakivuka, akahakikisha viatu vyote viwili viko ndani, akaombea moto, sufuria na mikono ya dada yetu. "Na yaliyo nje ya mlango huu, Bwana, wewe unayajua." Bosi akavua kofia, akafanya ishara ya msalaba. Watu wa maghala nao wakainamisha vichwa, glasi mkononi.

Tulipofumbua macho, karatasi ukutani zilikuwa zimeongezeka maradufu. Sasa, mwanamke wa kwetu hawezi kusimama kwenye shughuli akatazama jiko likilemewa. Hawakuulizana. Walinawa, wakajifunga leso juu ya nguo za kanisa, mmoja akasukuma chapati, mmoja akageuza, mmoja akanifokea sahani zangu zina mafuta. Bosi akaanza kusema kitu kuhusu kanuni za usafi, akapewa sahani ya kuku akatulia. Chakula kilitoka mpaka mtu wa mwisho.

Kabla giza halijaingia bosi alichukua chaki akaandika jina la mama ubaoni, juu ya orodha ya chakula, na kumwambia pai hazitakuja. Mama alisema asante, akakaa juu ya kreti, viatu pembeni. Hakuwa anatabasamu. Alikuwa anautazama mlango wa ukumbini alioondokea mwenyekiti, rafiki yake tangu tulipofika nchi hii.

Mimi nilikuwa nangoja adhabu. Akatoa simu mfukoni, akanipa.

"Waandikie waliotoka. Jumamosi ijayo kuna pilau. Na safari hii uandike ni baa."