Ngazi Tisini na Tisa za Bled

Kuna nchi ndogo Ulaya, inaitwa Slovenia, ambako ukimbeba mwanamke ngazi tisini na tisa bila kumtua, mkifika juu mmekwishaoana. Hakuna posa, hakuna mshenga, hakuna kuulizwa babu yako alikufa kwa ugonjwa gani. Haya niliyaamini kwa moyo wote, mimi mhitimu wa shule ya jioni, mwenye cheti kilichotiwa fremu sebuleni. Aliyenipa habari ni rafiki yangu Mutiso, Mkenya aliyekuwa akitunza wazee pale Brooklyn Center, pembeni mwa jiji letu la Minneapolis, Marekani. Naye alihadithiwa na bibi mmoja wa kaskazini mwa Minnesota, kwenye machimbo ya chuma, ambaye wazazi wake walihama kutoka Slovenia. Bibi alieleza desturi tu. Sheria aliiongeza Mutiso.

"Buda, ukim-carry hadi juu, imeisha hiyo," aliniambia. "Wazee watasikia tu kwa simu."

Nilikuwa na haja kubwa na sheria ya namna hiyo. Nilimpenda Atupele, muuguzi, na Atupele aliishi kwa Shangazi Sekela, dada wa marehemu baba yake. Huyo ndiye wa kupokea posa. Mwaka uliotangulia alikwenda kwake mhandisi mzima wa Eden Prairie, mtaa wa wenye nazo, mwenye gari linalopasha viti moto, akatoka kabla chai haijapoa. Inasemekana mpaka leo akiona mama kajifunga kanga, yeye huhamia ng'ambo ya barabara. Sasa mimi mpakia maboksi, si ningetolewa kwa machela?

Minneapolis, mwezi wa sita. Nilimwambia Atupele twende Slovenia tukaone miji ya kale. Akajibu kwamba hasafiri na mwanamume hivi hivi, labda Shangazi awepo. Nikaenda kumwomba Shangazi ruhusa, nikamkuta ameshaweka paspoti mezani. Kwa hiyo safari niliyoipanga kumkwepa Shangazi niliianza nikiwa nimebeba sanduku la Shangazi, lenye unga, dagaa na, kwa uzito wake, nadhani jiwe la kusagia.

Tulibadilisha ndege Amsterdam, tukapanda nyingine ndogo ambayo rubani angeweza kutugeukia na kutuuliza tumelalaje.

Ljubljana, asubuhi ya kwanza. Huu ndio mji mkuu. Ukipiga chafya upande mmoja, upande wa pili wanakuambia afya. Una mto wa kijani, ngome juu ya kilima, na daraja linalolindwa na majoka manne ya shaba yaliyokunja uso kama maofisa uhamiaji. Nilipiga picha mpaka kidole kikaota sugu. Shangazi aliyatazama majoka, akanitazama mimi, akaniuliza kama nina jambo lolote la kumwambia. Nikamwambia hewa ni safi sana.

Siku ya pili, Škofja Loka. Basi halikuchukua hata saa moja, na hapo dereva hakuwa na haraka. Nchi yenyewe ukisinzia kidogo unaamkia Italia. Mji huu una nyumba za karne na karne zilizobanana kama waumini wa Krismasi, na daraja la mawe ambalo, walitueleza, lilijengwa na askofu mmoja bila kingo. Huyo askofu akawa wa kwanza kulijaribu vizuri: alianguka yeye na farasi wake, akafa maji.

"Hakuwa na watu wazima wa kumshauri?" Shangazi aliuliza. Swali lilikuwa la askofu, lakini macho yalikuwa yangu.

Siku ya tatu, mapango ya Postojna. Unaingia kwa treni ndogo ya wazi, mpaka chini kabisa ya ardhi. Mwongozaji alituonya kwamba ndani kuna baridi kali. Kutuonya watu wa Minnesota kwa baridi ya kuhifadhia mchicha! Hata hivyo Shangazi alikuwa amevaa koti lake la Januari, kwa heshima ya mwongozaji. Mawe yamening'inia kama mishumaa iliyoyeyuka, mengine makubwa kuliko kitongoji kizima cha Apple Valley kule kwetu. Hapo gizani Shangazi akaniuliza kwetu wamebaki wazee gani. Nikamjibu kwamba jiwe moja kurefuka kidole linachukua miaka elfu. Atupele akanifinya. Sikuelewa kwa nini.

Siku ya nne, Bled. Ziwa la buluu katikati ya milima, na katikati ya ziwa kisiwa chenye kanisa. Niliona uzuri huo kwa jicho moja. La pili lilikuwa linahesabu ngazi. Mpiga makasia wetu alikuwa jitu moja lililopiga kasia limesimama. Alitueleza kwamba bwana harusi humbeba bibi harusi hadi juu, na bibi harusi hatakiwi kusema neno njia nzima. Nikamwambia Atupele tujaribu na sisi, kama mchezo.

"Haya, beba," alisema akicheka. "Ukiniangusha, nakushitaki."

Shangazi akasema magoti yake hayapandi, akakaa kwenye benchi pale chini.

Ngazi ya ishirini nilikuwa simba. Ya arobaini nilimwona marehemu babu yangu akinipungia mkono. Ya sabini tulisalimiana. Watalii walipiga makofi. Atupele, mtu wa kusema saa ishirini na nne, alinyamaza kama maji ya mtungi. Nilipofika juu nilimtua taratibu kama yai, nikaenda kutafuta karani mwenye kitabu. Nilimkuta mama mmoja anauza tiketi. Nikamuuliza, kwa pumzi iliyobaki, tunatia sahihi wapi. Akanionyesha kwa kidole kamba ya kengele ndani ya kanisa. Basi, nikajua kwa Wazungu hawa kengele ndiyo sahihi. Nikaivuta mara tatu. Kisiwa kizima kilisikia kwamba nimeoa, isipokuwa mke.

Kurudi, siku iliyofuata. Ndani ya ndege nilimpa Atupele blanketi langu kwa sauti ya mwenye nyumba. Akanitazama sana, akajifunika.

Jumamosi, Brooklyn Center. Niliazima gari kubwa la Mutiso, nikavaa suti, nikaenda nyumbani kwa Shangazi kuchukua mabegi ya mke wangu. Shangazi alifungua mlango. Nikamweleza shida iliyonileta. Alinikaribisha kochini, akaleta chai, akaniambia nianze mwanzo. Nikaanza mwanzo: bibi wa kaskazini, sheria, ngazi, kengele. Nilivyozidi kueleza ndivyo masikio yangu yalivyozidi kuisikia habari hiyo kama ya mtu mwingine, tena mjinga. Jikoni sahani ziliacha kugongana.

Nilitegemea acheke. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniumiza. Nilimaliza nchi nzima, miji yake na mapango yake, nikiogopa maswali ya mama huyu, kumbe alinifuata Ulaya yote ili nipate pa kumjibia. Nikamwambia, basi, Shangazi, nitatuma mshenga wiki hii hii, wazee nitawapata, hata wa kuazima.

"Kule wanabeba waliokwishakubaliana kuoana, mwanangu," alisema. "Wewe ulibeba abiria."

Nikainamisha kichwa.

"Na mshenga ni mapema bado. Huyo mtoto ulimbeba amefumba mdomo, umekuja kumhamisha hajui. Mimi hujaniuliza, sawa, nitasubiri. Lakini yeye mwenyewe umemuuliza lini? Yuko jikoni hapo. Nenda kamuulize."