Matone Njiani kwenda Bibokoboko

Kazi nyingi zimepita mikononi mwangu. Nimeuza ndagala, dagaa wetu, sokoni Baraka, mji wetu kando ya ziwa, nimelima mihogo, nimefundisha darasa la kwanza, na vita vilipopoa nilikaa hata kwenye bureau, ofisi yenye kiti cha kuzunguka. Ila kazi iliyonifurahisha kuliko zote ni ile ya kutia watoto matone ya chanjo mdomoni, vita vikiwa vimepamba moto. Hadi leo nikiikumbuka nashika kichwa.

Wakati huo mji wa Baraka ulishikwa na jeshi moja, na vilima vya nyuma yake vilikuwa vya wapiganaji wa msituni, vijana wetu wa Kibembe. Juu zaidi, Bibokoboko, waliishi wafugaji wanaosema Kinyarwanda. Damu ilikuwa imemwagika kati yetu na wao. Hakuna Mbembe aliyethubutu kupanda kule, wala mfugaji aliyeshuka sokoni.

Mwuguzi wa kituo chetu cha afya alikuwa mzee mwenye sauti ya chini, kila mtu akimwita munganga. Asubuhi moja alikuja nyumbani kwetu akasema kwamba pande zote zimekubali kunyamazisha bunduki kwa siku chache, watoto wapate chanjo ya ugonjwa wa kupooza. Alitafuta mtu anayejua Kinyarwanda hata kidogo. Mimi nilikijua kwa sababu utotoni baba alikuwa akipandisha chumvi na samaki wakavu Bibokoboko na kurudi na maziwa na siagi, na mara nyingi alinichukua.

Mama yangu aliacha kutwanga sombe, majani ya mihogo, mchi ukabaki mkononi.

"Munganga, umekuja kunitafutia maiti?"

"Mama, kule nako kuko batoto."

"Na huyu wangu si mutoto? Ni wa nani?"

Munganga akainamisha kichwa. Mimi ndiye niliyesema, "Mama, nitaenda," kisha nikashtuka kama vile mtu mwingine amesema kwa mdomo wangu. Nilikuwa nimechoka kukaa. Mashamba yetu hatukuweza kuyafikia, shule ilikuwa imefungwa, na kila siku ilikuwa ya kusikiliza milio na kukisia imetoka wapi.

Siku ya kwanza tulifanya kazi Baraka penyewe. Sikujua kama kazi inaweza kuwa tamu hivyo. Unambana mtoto mashavu kwa vidole viwili, mdomo unafunguka kama wa kifaranga, unadondosha dawa, naye anakunja uso wote kwa uchungu wake. Halafu unampaka wino kwenye kidole kidogo, na hapo hasira inamtoka, anaanza kukionyesha kile kidole kwa wenzake kana kwamba amevishwa pete. Kina mama walicheka. Mimi nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, na nikagundua kuwa sikuwa nimecheka tangu mvua zilizopita.

Kesho yake tukaanza kupanda: munganga, mimi, na mwanamume mmoja mkimya wa kubeba sanduku la barafu, lile tuliloliita glasiyeri. Tulipita mashamba yaliyoliwa na majani. Jua lilipokuwa utosini tukafika kwenye bariyeri ya watu wa msituni, gogo tu lililolazwa njiani. Vijana wenye bunduki walitoka vichakani pande zote mbili. Mkubwa wao nilimjua kwa sifa. Kule Baraka, mama akitaka mwanawe anyamaze, alimtaja yule mtu.

"Iko nini mu hii sanduku?" aliuliza.

"Dawa ya batoto," munganga akasema. "Mu kila chupa ni matone tu."

Alifungua mwenyewe. Akatia mkono kwenye barafu, akaushika ule ubaridi, akatuangalia mmoja mmoja. Halafu akasema, "Mungojee hapa," akapotea msituni. Nilifikiri amekwenda kuuliza watuue wapi.

Aliporudi nilidhani macho yangu yameharibika. Alikuwa amefunga mtoto mgongoni kwa kitenge, vile vile tunavyofunga sisi wanawake, na bunduki akaiacha kwa mwenzake. Alikaa chini kwenye vumbi, akamshusha mtoto, msichana mdogo mwenye mafua, akampakata.

"Umutie bien, muzuri," aliniambia. "Asiteme."

Tone la kwanza liliangukia kidevuni. Alilipangusa kwa kidole gumba chake, akambana mtoto mashavu yeye mwenyewe, nikajaribu tena. Mtoto alilia. Yule mtu ambaye jina lake lilinyamazisha mji mzima akaanza kumbembeleza kwa Kibembe, kwa maneno yale yale ambayo mama yangu alinibembelezea. Nyuma yake msitu ulianza kutoa watu: kina mama wenye watoto wembamba, wazee wakiongoza wajukuu. Hatukujua kabisa kwamba watoto wote wale wamo mle ndani. Tuliwatia matone mpaka shingo ikaniuma.

Tulipofunga glasiyeri akauliza, "Sasa munaenda wapi?"

Niliomba moyoni munganga aseme tunarudi nyumbani.

"Bibokoboko," munganga akasema.

Kijana mmoja alicheka kwa dharau, akasonya. Mkubwa wao hakucheka. Alikuwa bado anamtikisa mtoto polepole.

"Na kule kuko batoto?"

"Kuko."

Akaangalia kile kidole kidogo chenye wino. "Muende," akasema. "Lakini mukirudi, mupite hapa hapa."

Tulivuka lile gogo, na kwenye kona ya pili munganga aliketi kwenye jiwe na kutapika.

Bibokoboko tulikuta ng'ombe bila watu. Moshi ulitoka kwenye mapaa, chungu kilichemka jikoni, lakini walikuwa wamekimbia kwa kusikia Kibembe chetu njiani. Nikapaza sauti kwa Kinyarwanda nilichokumbuka: "Amahoro! Tuzanye umuti w'abana!" Amani, tumeleta dawa ya watoto. Nilirudia hadi sauti ikakauka.

Kikongwe mmoja akatoka nyuma ya zizi na fimbo yake.

"Nani alikufundisha kusema vibaya hivyo?" aliniuliza kwa Kiswahili.

"Baba yangu, bibi. Alikuwa akileta chumvi hapa."

"Basi hiyo dawa anza wewe."

Nikajidondoshea mbele yake. Ni chungu kweli, yenye chumvi chumvi. Alinitazama nikimeza, akasubiri, kisha akapiga ukelele mmoja kuelekea bondeni, na watoto wakaanza kupanda kutoka kwenye majani marefu.

Ilikuwa ile furaha ya Baraka tena. Mashavu, midomo, nyuso zilizokunjamana, vidole hewani. Mwanamke mmoja wa rika langu alinisaidia kuwapanga, na kazi ilipopungua akaniletea maziwa. Akauliza nani aliyeturuhusu kupita. Nikamweleza yule mtu wa bariyeri.

"Huyo njo yeye alichoma nyumba yetu," alisema. "Mume wangu alikuwa ndani."

Saa chache tu kabla nilikuwa nimeshika kidevu cha mtoto wa yule mtu. Nilitaka kuficha, lakini ulimi uliniponyoka: "Alimleta mwanawe. Alimbeba mgongoni."

"Yeye?" Alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Yeye iko na mutoto?"

"Msichana."

Wa kwake, mvulana, alikuwa akivuta kanga yake, akionyesha wino. Nilijua sasa atanifukuza.

"Alimeza?" akauliza.

"Alimeza."

"Basi," akasema, akachukua kikombe mkononi mwangu, akakijaza tena.

Nilikunywa huku machozi yananitoka, naye hakuniuliza kwa nini.

Wakati wa kurudi, yule mtu alikuwa amesimama pale pale kwenye gogo. Aliuliza kama tuliwakuta watoto. Munganga akasema tuliwakuta, ni wengi. Akaitikia kwa kichwa, akatuondolea gogo kwa mikono yake.

Chanjo ile hurudiwa, kwa hiyo baada ya majuma kadhaa tulipanda tena. Safari hii bariyerini tulikuta watu wengine. Wakasema mkubwa wao aliuawa upande wa Lulimba. Msichana wake aliletwa na mama yake, ana nguvu, akanipiga teke. Bibokoboko, watu walitungojea njiani. Yule mwanamke wa maziwa aliuliza habari za yule msichana kabla ya kunisalimia, nami nikamwambia yote, pamoja na kifo cha baba yake. Alikaa kitako kwenye majani. Hakufurahi, hilo ndilo lililonishangaza kuliko mengine yote. Alisema tu, "Masikini, mutoto," akanyanyuka kunisaidia kupanga wale wadogo, kwani jua lilikuwa linaenda na barafu inayeyuka.