Kipepeo Niliyemwona Peke Yangu

Aibu hii ningeenda nayo kaburini, ila kwa kuwa Wanjiru ameshaanza kuisambaza kwa namna yake (ameongeza na polisi, na polisi hawakuwepo kabisa), bora niisimulie mwenyewe kama ilivyokuwa.

Mimi ni muuguzi kwenye makazi ya wazee, huku huku Australia, karibu na kwangu Ingleburn, na meneja wetu, mama mmoja anaitwa Helen, ni mtu mwema sana ila ana wazimu wa vipepeo. Kila kiangazi yeye na wenzake wanatembezwa kwenye uwanda wa nyasi, mbele kidogo ya Campbelltown, kutafuta vipepeo, na mwaka huu akatualika mimi na Wanjiru, Mkenya ninayefanya naye kazi. Ningekataa, lakini nafasi ya msimamizi wa zamu ilikuwa wazi na Helen ndiye mchaguaji, basi nikajikuta nasema kwa sauti tamu, "Vipepeo? Nawapenda mno!"

Jumamosi yenyewe jua lilikuwa linakaanga. Na wale inzi wa huku, mnawajua, hawataki chakula wala nini, wao wanataka pua yako. Mtembezaji wetu, Tim, mwanamume mwembamba aliyevuta soksi hadi magotini, alikuwa ananong'ona kama tuko msibani, akatuambia tunamtafuta kipepeo mmoja wa rangi ya shaba, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, ambaye hajaonekana pale kwa miaka. Ukucha! Kwenye majani yasiyo na mwisho! Mimi nilidhani ni vipepeo kama wa kwetu Morogoro, unaanika nguo wanakufuata wenyewe.

Tukatembea, tukainama, Tim akipiga magoti mbele ya shimo la sisimizi (eti kipepeo huyo huishi jirani nao) na sisi sote chini, mimi juu ya mwiba, maji kwenye chupa yamekuwa moto kama chai, na mwanangu Neema (ana miaka saba, sikuwa na wa kumwachia) kila dakika ananivuta blauzi anauliza tunarudi lini nyumbani. Na mimi nikamuuliza Tim swali hilo hilo, ila kwa adabu.

"Tukimwona tu," akanong'ona, "tunaenda kula."

Jamani, si mngefanya kama mimi? Kuna kitu kikamemeta kwenye majani, sijui jani kavu, sijui nini, nikanyoosha kidole nikapiga kelele, "Yule pale! Wa shaba! Nimemwona!"

Nilitegemea wapige makofi, tuingie kwenye magari, tukale. Kumbe! Tim alibadilika rangi. Akanyoosha mikono pande zote mbili, "Mtu asisogee!" akaja kwangu akinyata, akaanza maswali: alifunga mabawa au alifungua? Chini ya bawa kulikuwa na madoadoa? Aliruka upande gani? Nikajibu, "Alikuwa na haraka." Helen akanikumbatia akilia machozi kabisa, anawaambia wenzake huyu ndiye muuguzi wangu, mnaona macho yake? Tim akachomeka vibendera vidogo kuzunguka pale mahali, na mimi katikati, nisitoke, eti mimi ndiye alama. Halafu akatoa simu akaanza kupiga, na kila aliyepigiwa alikuja.

Walikuja na kamera ndefu kama mabomba ya kuzimia moto. Walikuja na viti vya kukunja. Kula hakuna aliyekutaja tena. Wanjiru alikuwa ananitazama kwa macho ya kuniua, maana naye njaa ilikuwa imemshika.

Ndipo akaja Mzee Keith. Helen alinieleza huku akipangusa macho: Keith na mkewe ndio walioanzisha hayo matembezi, walimpenda kipepeo huyo kuliko wote, na tangu mkewe afariki mzee hajakanyaga pale. Leo jirani yake amemleta. Nikamwona anavuka majani na kigari chake cha kutembelea, magurudumu yanakwama, anakinyanyua, anasogea, hataki kusaidiwa. Akafika mbele yangu akavua kofia.

"Nionyeshe alipokuwa."

Nikaonyesha majani. Tim na Helen wakamshika makwapani, akashuka taratibu hadi akakaa chini, akaanza kuyafunua majani, jani moja baada ya jingine. Nikamvuta Wanjiru kando.

"Wanjiru, hakuna kipepeo. Nimedanganya ili turudi nyumbani. Nifanyeje?"

"Woi, Mama Neema! Umetuchoma! Sasa nyamaza hivyo hivyo, watachoka waende zao."

Wala hatukunong'ona. Kwani nani pale anajua Kiswahili? Hivi hivi ndivyo tunavyowasema watu kwenye treni kila siku.

Wakati huo huo Helen akamwinamia mwanangu kwa upendo, akamuuliza, "Na wewe, mpenzi, ulimwona?"

Sasa Neema huyu, mimi nikimwambia kwa Kiswahili akaoge, anakuwa kiziwi. Lakini siku hiyo alitafsiri vizuri mno, kwa Kiingereza chake cha Australia, kwa sauti ya shuleni: "Hapana. Mama amemwambia anti hakuna kipepeo, amedanganya ili turudi nyumbani. Anti amesema anyamaze, mtachoka mwende zenu."

Kamera zikashushwa. Tim akaanza kung'oa vibendera vyake, kimoja kimoja, bila kunitazama. Helen alinitazama, na afadhali asingenitazama. Wanjiru aligundua wingu la kuvutia sana upande wa pili wa anga.

Nikapiga magoti kwa Mzee Keith, Kiingereza chote kimenikimbia, nikaweza kusema samahani tu, samahani, samahani. Akaendelea kufunua majani. Mwisho akasema, "Nisingekuja kwa sababu nyingine yoyote." Halafu, bila hata kutabasamu, "Haya, nimeshafika. Kaa. Tutafute."

Wengine waliondoka kwenda kula, Wanjiru akiwa wa kwanza, na Neema akiwa mkononi mwake. Mimi niliyedanganya ili niondoke ndiye niliyebaki jua likiniwakia kisogoni, mzee ananifokea nisimzibie mwanga, ananieleza habari za mkewe, ananifundisha kila jani linaitwaje. Hatukuona kitu. Hata nondo. Nilipomsaidia kusimama, alinishika mkono kwa nguvu na hakuuachia hadi kwenye gari.

Usimamizi wa zamu alipewa mtu mwingine, na Helen kwa wiki kadhaa alinisalimu kama anayesalimu mlango. Kisha juzi akanisimamisha koridoni: Mzee Keith anataka kurudi kule, na amesema haendi bila mimi.

Nimekubali, ningesemaje? Lakini naapa mbele yenu, siku hiyo kipepeo wa shaba aje anitue puani, apige mabawa, aimbe, mimi nitakaa kimya hadi mzee amwone kwa macho yake mwenyewe.