Muvi nilizotazama na mama mkwe, yeye sebuleni, mimi nyuma ya pazia

Wakuu, salamu kutoka Nyamisangura, Tarime.

Naona kila mtu humu anatoa maoni ya muvi alizotazama karibuni, na mimi ninazo zangu. Ni kweli tupu, hata mke wangu akisoma hapa atakubali, labda abishie sehemu moja.

Ila niwaambie mapema: muvi zote hizi nimeona robo tatu ya skrini. Upande wa kushoto sikuuona. Mtaelewa kwa nini.

Mama mkwe wangu anaishi Mbalibali, Serengeti. Ni mjane, ana shamba na ng'ombe wachache. Jicho lake la kushoto lilikufa zamani. La kulia likaanza kufanya ukungu, mwisho akawa anamtambua mtu kwa sauti. Mke wangu akamleta huku, akafanyiwa upasuaji, jicho likafunguka.

Daktari akasema asirudi kijijini mpaka alikague tena. Moshi wa kuni hapana, vumbi hapana, kusugua jicho hapana kabisa. Hilo ndilo jicho lililobaki.

Sasa wale wa mikoa mingine mnisikilize. Sisi Wakurya, mtu na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja. Hampeani mkono, hamli pamoja, hamlali chini ya paa moja. Si ugomvi, ni heshima. Mimi nimeoa miaka mingi na yule mama sijawahi kuongea naye zaidi ya shikamoo ya mbali, tena mimi nikitazama pembeni.

Tukampatia chumba cha kulala kwa jirani, mama mmoja mtu mzima. Mchana anashinda kwetu na binti yake. Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti, nikirudi jioni nakohoa getini, yeye anatokea mlango wa nyuma.

Siku moja nikakohoa, nikasikia sufuria zinaanguka. Alikuwa anakimbia kunipisha, miwani ile nyeusi ya hospitali usoni, akajigonga kwenye jiko. Jicho halikuguswa, lakini mimi nilikosa raha jioni nzima. Yaani mtu amepona macho halafu apofuke kwa kumkimbia mkwe?

Nikamwambia mke wangu, Robi, mama asitoke tena. Mimi nitapitia mlango wa nyuma na kukaa koridoni, pazia la mlango wa sebuleni literemshwe. Mama akakubali.

Hapo ndipo muvi zilipoanza. Koridoni hakuna cha kufanya, na runinga inasikika. Nikasogeza stuli mpaka pale pazia linapoacha mwanya. Robi akakaa katikati, ananisimulia yanayotokea kushoto. Rimoti nikabaki nayo mimi, maana mama hakutaka kuishika na Robi kila akiishika anazima.

Kila nikitoka kazini napitia kwa jamaa anayejaza muvi kwenye flashi. Haya ndiyo maoni.

Ya kwanza, picha la zamani la Wazungu wachunga ng'ombe. Farasi, kofia, bunduki. Mimi nililipenda toka utoto, stering anapiga risasi bila kulenga. Mama risasi hazikumshughulisha. Alimtuma Robi aniulize mbona toka lianze hakuna mtu aliyekamua. Picha zuri, lakini kweli, hawakamui.

Ya pili, ya wanyama, imepigwa hukuhuku Serengeti. Picha safi sana, msimuliaji ana sauti nzito. Nilidhani nimemfurahisha kwa kumletea nyumbani. Tembo walipotokea akasema hao wanakula mahindi yake kila mwaka, kwa nini awatazame tena akiwa amepumzika. Tukabadilisha.

Ya tatu ni Bongo muvi mpya, na hapa nilichemka. Jamaa wa flashi aliniambia ni ya familia. Kumbe adui ndani yake ni mama mkwe, mchawi, anamlisha mkwe dawa kwenye uji. Wakuu, nilitamani koridoni pawe na shimo. Mama aliitazama mpaka mwisho, kisha akamuuliza Robi kwa upole nani aliyechagua. Kuhusu muvi yenyewe: sauti mbovu, mwisho hauna kichwa wala miguu. Msihangaike nayo.

Ya nne, la Kihindi la zamani. Mama akalia. Robi akamshika mikono asisugue jicho, mimi nikazima. Picha zuri mno, lakini si la mgonjwa wa macho.

Basi tukazoea. Nikiwa karakana najikuta nawaza leo tutazame nini. Nilikuwa nasikia anavyocheka, kicheko kifupi cha puani, na nikawa naringa moyoni kama mimi ndiye niliyetengeneza hiyo muvi. Baba na mama yangu walishafariki. Nilikuwa nimesahau raha ya kuwa na mzazi nyumbani.

Ya tano ndiyo yenye balaa.

Ilikuwa ya Kikorea, imetafsiriwa Kiswahili. Mjane ana mgahawa, watoto wake wanataka auze aende kukaa nao mjini, yeye hataki. Kuna mzee muuza samaki anamletea samaki kila asubuhi, anasimama mlangoni, haingii. Mama aliipenda kuliko zote. Akawa anaongea na yule mjane, anamwambia usiuze.

Robi akatoka mara moja dukani kufuata sukari. Tukabaki mimi, pazia na mama.

Na yule mzee wa samaki, asubuhi zote zile hajaingia, siku hiyo akaingia. Akamshika mjane mkono. Nikajua kinachokuja. Nikataka kubonyeza kupeleka mbele.

Kidole kikabonyeza kusimamisha.

Midomo imegusana, skrini nzima, imeganda. Mimi nabonyeza, haiendi, pazia limekinga rimoti. Nikatoa mkono nje ya pazia, haiendi. Na jicho lenyewe ndiyo kwanza limefunguka, linaona hadi sisimizi.

Nikafanya jambo ambalo sijawahi kusikia Mkurya amelifanya. Niliingia sebuleni kinyumenyume, uso ukutani, nikapapasa mpaka kwenye soketi, nikachomoa waya, nikatoka nje moja kwa moja mpaka barabarani.

Nilirudi giza linaingia. Robi alikuwa uani, amenuna. Mama amerudi kwa jirani, anakunja khanga zake, amesema asubuhi anaondoka kwenda Mbalibali. Siku ya daktari bado. Kule anapika na kulala nyumba hiyohiyo moja, jiko ni la kuni, na hakuna wa kumpikia.

Wakuu, sikuwa na hamu ya kula. Niliona lile jicho likirudi kwenye ukungu kwa ajili ya kidole changu. Na kwenda kumwomba msamaha siwezi, maana kumfuata huko ni kosa juu ya kosa.

Nikamwambia Robi apeleke ujumbe: mama asiondoke, naondoka mimi. Nina ndugu yangu kule Turwa, nitalala kwake na kula kwake mpaka daktari amalize. Nyumba yote iwe ya mama. Nikaingia kuchukua shati na mswaki.

Nikiwa uani na mfuko wangu nikasikia hatua upande wa pili wa ukuta wa jiko. Nikadhani ni Robi amerudi na jibu.

"Baba Gati," ikasema sauti ya mama mkwe. Gati ni binti yetu, yuko shule ya bweni. "Unisikie hapohapo ulipo, usizunguke."

Nikasema nasikia mama.

"Umetoka na njaa kwenye nyumba yako. Ndiyo maana nimefunga khanga. Nilisema huyu mtoto hataingia tena kwake kula kwa sababu yangu. Si ile picha. Wale ni watu wa mbali, hawana mkwe hapa."

Nikamwambia na mimi nimefunga mfuko kwa ajili yake.

Nikasikia kile kicheko cha puani.

"Sasa tukiondoka wote, Robi atabaki na nani? Rudisha shati. Kesho unirudishie yule mama, nijue kama ameuza."

Wakuu, machozi yalinitoka, na mimi jicho langu halina daktari wa kulikataza.

Kesho yake tukaimalizia. Hakuuza. Zile sehemu zilipokuja Robi alikohoa, mama akageukia ukuta, mimi nikatoka kuangalia kuku. Na muvi ilifungwa kwa sehemu hiyo, kwa hiyo mwisho wake sijui ulipigwaje, lakini naipa tisa kwa kumi.

Daktari amekagua, jicho liko salama. Mama amerudi Mbalibali, tumemnunulia jiko la gesi.

Nilichojifunza: heshima yetu sijaiona kuwa mzigo. Tulitengana kwa pazia na bado tulikaa pamoja. Kilichokaribia kutuharibia ni kila mmoja kunyamaza na kufunga virago akidhani anamsaidia mwenzake. Ningekuwa nimemtuma Robi akamuulize kwanza, tusingefika huko.

Jioni sasa nakaa sebuleni, skrini nzima ni yangu, kushoto na kulia. Muvi hazina ladha ile.

Karibuni mtoe maoni. Na wajuzi wa muvi nisaidieni: mama anarudi kliniki baada ya mavuno, nataka nzuri, isiyo na tembo, isiyo na mama mkwe mchawi, isiyoliza. Busu moja si neno, mradi mniambie liko dakika ya ngapi.