Kilichopanda Kutoka Mguuni

Mniruhusu niongee nimekaa, huu mguu wa kushoto nikisimama sana unaanza kulalamika. Naitwa Gati, mzaliwa wa Busawe, na nina seli mundu tangu tumboni mwa mama yangu. Nimekua nikisikia wakubwa wakinong'ona, "Huyu hafiki kuolewa." Nikaolewa! Tena na Marwa, mchimbaji, mwanaume wa kelele nyingi. Nikamfuata machimboni upande wa Tarime, enzi zile maduara, yale mashimo ya wachimbaji, yanatema dhahabu na kila mtu ana vumbi mpaka kwenye nyusi.

Kazi yangu ilikuwa kuponda mawe. Unakaa chini, nyundo mkononi, jua lote lako. Maji yalitoka mbali, nami nikayabania, kikombe cha asubuhi basi. Viungo vikiuma nameza dawa ya maumivu naendelea. Nilikuwa mbishi, acheni tu.

Asubuhi moja nikaamka mguu wa kushoto umejaa. Shavu la mguu gumu, la moto, ngozi inang'aa. Wa kulia mzima kabisa. Mama mkwe wangu, tuliyekuwa tunaishi naye, akautazama tu, akasema, "Umekanyaga."

Kwa wageni nieleze: maana yake kuna mtu kamwaga dawa njiani, nawe umepita juu yake. Machimboni ndiyo usiseme, watu wanaamini kila duara lina dawa yake. Hata mimi niliamini. Basi Mama akapasha samli, akanichua kutoka kisigino kwenda juu, kwa nguvu zake zote, ili hicho kitu kitoke. Nililia mpaka sauti ikakauka.

"Vumilia mwanangu, kinasogea," akasema.

Kweli kilisogea. Mchana ule ule, nainuka niende chooni, kifua kikanichoma kama nimepigwa mkuki. Pumzi ikakataa. Nikakohoa, nikatema damu.

"Marwa!" Mama akapiga kelele. "Kimepanda! Kimefika kifuani!"

Marwa akataka kukimbilia kwa mganga. Nikamshika shati. "Hospitali," nikamwambia. "Nakufa." Wakanipakia kwenye pikapu ya kubebea mawe.

Hospitalini nikawekewa oksijeni na dripu, nikachomwa sindano tumboni za kuzuia damu kuganda. Daktari, dada mmoja mpole aliyehamishiwa huku kutoka Mbeya, akasema damu iliganda mguuni, kipande kikakatika kikaenda kuziba mshipa kwenye mapafu.

"Sasa igande yenyewe tu, bila mtu?" Marwa akauliza.

"Dhahabu yenu haishiki kutu, kaka. Chuma kinashika, na damu ina chuma. Seli za mkeo zinapasuka mapema, chuma chake kinamwagika, kinazalisha sumu zinazochubua mishipa kwa ndani, kama kutu inavyokula bati. Damu ikipita pale inadhani kuna jeraha, inaganda ili izibe. Akikosa maji, hatari inazidi."

Mama akauliza kwa sauti ndogo, "Na mimi niliyemchua?"

Daktari akamgeukia. "Kuchua kunaweza kukisukuma kile kipande, mama. Usirudie."

Mama akakaa sakafuni akajifunika kanga uso. Nilimwonea huruma kuliko nilivyojihurumia mwenyewe.

Kupona hakukuwa haraka. Kutoka kitandani hadi mlangoni nilihema kama mtu aliyepanda mlima. Nikaendelea na vidonge vya kuzuia damu kuganda kwa miezi, na kliniki ya seli mundu sijaikosa tena. Mawe nimewaachia wenye damu yao. Sasa nashona.

Ninyi wenye damu kama yangu, nawaomba: kunyweni maji hata kama hamsikii kiu, na dawa zenu msiache siku mnapojisikia wazima. Mguu mmoja ukivimba peke yake, asiuchue mtu. Kifua kikibana, wahini hospitali. Atakayewacheka, mwacheni acheke.

Namshukuru Mungu, na wale wauguzi. Watu huniuliza kama nimemsamehe mama mkwe. Nimsamehe nini jamani? Siku zote za wodini alilala sakafuni kando ya kitanda changu. Kila nikifumbua macho namkuta ananiangalia kifua. Nikivuta pumzi, naye anavuta. Yangu ikichelewa, na yake inachelewa.